Kuni Zinazokataliwa na Mchwa

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa kaeni chini mnisikilize, maana leo nina hasira na sitaki kuimaliza nimesimama.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye harusi kwa jirani yangu, Ilemela. Siku hizi sipiki. Nakaa kwenye kiti na kuonyesha kwa mkono, lakini penye moto mkubwa bado wananiita, kwa sababu nimeuza kuni Igogo tangu miaka ya tisini mpaka magoti yalipogoma. Nikamwambia binti mmoja alete yale mabanzi ya paini yaliyoegemezwa ukutani, mabaki ya kuezekea, tuchemshie chai. Binti akanitazama kama nimemwambia alete nyoka.

"Bibi, paini haipikiwi nyumbani. Ina sumu, inaleta kansa."

"Nani kakuambia?"

"Watu wanasema, bibi."

Kisha akageuka, akakusanya vipande vya kabati bovu lililopakwa rangi, akaweka na mfuko wa plastiki ili moto ushike haraka, akawasha chini ya sufuria ya chai ya wageni. Moshi ukatoka mweusi, unanuka kama tairi. Yeye anakohoa, anafuta macho kwa kanga, na mabanzi masafi ya paini yamekaa ukutani yanatutazama. Miguu yangu haiinuki upesi siku hizi. Siku hiyo iliinuka.

Niliutawanya ule moto kwa mguu wangu mwenyewe. Wakasema bibi amezeeka, ana hasira za bure. Hazikuwa za bure. Nilishawahi kuona maneno hayo hayo, "watu wanasema", yakimtoa mtu Igogo, na mtu huyo ndiye aliyenifundisha kazi iliyosomesha watoto wangu. Na mimi nilikuwepo, nikayasaidia.

Aliitwa Nyangeta. Alikuwa mwanamke wa Kijita kutoka ufukweni kule Mara, mrefu, mkavu, mjane asiye na mtoto. Nilimfuata mwaka niliopunguzwa kiwandani. Nilikuwa msokota uzi kwenye kiwanda cha nguo, na soko huria lilipoingia tukaambiwa tunapunguzwa. Kupunguzwa, kana kwamba tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nyumbani nilikuwa na watoto watatu na mama mkwe wangu, mama mzima wa Kisukuma tuliyemwita Mayu. Hao wote walikuwa wakinitazama mimi, na mimi sikujua kazi nyingine ila uzi.

Nyangeta alikuwa akiuza kuni juu ya jiwe. Nyie mliozaliwa Mwanza mnajua mawe yetu, lakini mnayajua ya kupigia picha. Nyuma ya nyumba zetu Igogo kuna jiwe moja limelala, pana, limeinama kidogo kuelekea ziwani. Jua likilipiga tangu asubuhi, saa nane huwezi kulikanyaga bila ndala. Watu waliona jiwe la kuanikia nguo na dagaa. Nyangeta aliona tanuri la bure. Kuni ambayo kwenye udongo ingechukua miezi kukauka, pale juu ilikauka kabla mwezi haujaisha, kwa sababu inapata joto juu na chini, na upepo wa ziwa unapita katikati. Watu wakapaita Jiwe la Nyangeta. Kumbukeni jina hilo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu anayependa uzito. Nilinunua mkokoteni mzima wa mgunga kwa mtu mmoja aliyetoka nao shamba, nikachagua vipande vizito vizito, nikijua mzito ndio wenye moto. Nilivipeleka jiweni nikiwa najisifu. Nyangeta aliviinua kimoja kimoja. Alichukua vitatu, akanipeleka jikoni kwake, akasema, "Nipikie chai." Halafu akakaa mlangoni na kikombe kitupu.

Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Moshi ulijaa, machozi yakanitoka, maji hayakushtuka. Ncha za kuni zikaanza kutoa povu na kulia kwa sauti nyembamba. Nyangeta akanyoosha kidole.

"Unaona hilo povu? Ndilo ulilonunua. Umenunua maji, Minza. Na ziwa lile pale, ungechota bure."

Basi akanifundisha. Chukua kuni mbili uzigonge. Kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hujibu kama mtu uliyemwamsha usingizini. Tazama ncha: kavu ina nyufa zinazotoka kwenye moyo kwenda nje. Gome lake linajimenya lenyewe. Pasua kabla ya kuanika, maana gogo zima hukauka nje tu na kukudanganya. Panga juu ya vijiwe, usilaze kwenye udongo, na uache nafasi ya mkono kupita kati ya kuni na kuni. Mvua ikija, funika juu tu, usifunge ubavuni kama unafunga mgonjwa blanketi, kuni nazo zinataka hewa. Shoka likigoma kwenye fundo, usilitie nguvu, geuza kipande uanze upande wa pili, au tumia kabari. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wakishindwa na fundo moja, na mimi mwembamba nikalipasua kwa sababu nilikuwa na subira ya kuligeuza.

Na kuokota kuni porini kulikuwa na adabu yake. Haukatwi mti ulio hai. Mayu, mama mkwe wangu, alikuwa na orodha ndefu ya miti isiyoingia jikoni: huu unagombanisha mke na mume, huu unafanya kuku wasitotoe, ule ukiuwasha mgeni hatarudi. Nilipokuwa kijana nilicheka. Baadaye nikagundua mingi ya miti ile ni ya dawa, au ya kivuli kwa ng'ombe, na mwiko ndio uliokuwa askari wake. Mila ina akili yake hata kama haikuelezi. Sitaki mje kusema bibi Minza anadharau mila.

Lakini maneno ya paini hayakuwa mila. Hapo ndipo ninapochemka. Babu zetu wa Usukuma hawakuijua paini. Ni mti wa kupandwa, umekuja juzi. Sasa nani aliwaachia mwiko wake?

Tulianza kuipata miaka hiyo hiyo. Vilima vilivyozunguka mji vilikuwa vimebaki mawe matupu, mgunga unatoka mbali na kila siku unazidi kuwa adimu. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vimefunguliwa ufukweni, watu wamemiminika mjini, na kila aliyemiminika alitaka kula. Visiwani walikuwa wakipasua mbao za paini na kutupa mabanzi, yale maganda ya pembeni yenye gome. Nyangeta akaongea na watu wa mitumbwi ya injini, wakawa wanatuletea mabanzi wakirudi tupu. Alikuwa wa kwanza Igogo. Aliyapasua membamba, akayaanika kwenye jiwe lake, na kazi ikashika.

Maneno nayo yakashika. Moshi wa paini unatoboa bati. Moshi wa paini unafunga kizazi. Unaleta kifua kikuu. Ugali wake haushibishi. Mama mmoja alinieleza kwa sauti ya chini kwamba paini ikiwaka ndani, mume anaanza kuangalia nje. Nyangeta aliposikia hilo akamuuliza, "Na wa kwako alianza kuangalia nje kabla ya paini, au baada?" Mama yule hakurudi kwa wiki mbili.

Nitawaambia ukweli wa paini, maana nimeichoma miaka mingi kuliko umri wenu. Ikiwa mbichi ina moshi mwingi na masizi yake hugandamana kwenye sufuria kama lami. Mti gani mbichi hauna moshi? Utomvu wake hurusha cheche, kwa hiyo usikae nayo karibu umevaa kanga ya kuning'inia, na usiiwashe chini ya paa la nyasi. Inaisha haraka. Haifai kwa maharage wala makande peke yake, utakaa unalisha moto mpaka ukasirike, kwa hiyo unaweka kipande cha mgunga nyuma kishike makaa, na paini mbele itoe mwali. Kwa chai, ugali na kukaanga samaki, hakuna kinachoishinda. Fungua mlango na dirisha, kama unavyotakiwa kufanya kwa kuni yoyote. Bati la jikoni kwa Nyangeta lilikaa miaka yote ile bila tundu ila lile la msumari.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeyapa maneno hayo miguu. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masanja. Balozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua, aliyepewa kiti. Alinunua paini mbichi kwenye lori lililopita, akaiwasha siku hiyo hiyo milango imefungwa, akakohoa siku tatu. Wala haikuwa ya Nyangeta. Lakini kwenye kikao cha usafi wa mtaa alisimama akasema paini ni sumu, na kila mwenye watoto aiogope. Balozi akikohoa, mtaa mzima unaumwa kifua. Wateja wakaanza kutukwepa. Wengine walipita mbele ya jiwe wakiwa wamebeba mgunga mbichi kichwani, unachuruzika maji shingoni, na nyuso zao zimejaa ushindi. Mchagua jembe si mkulima, lakini hawa hata kuchagua hawakujua.

Nyangeta alisema tutulie, watachoka kulia machozi, watarudi. Yeye alikuwa na tumbo moja la kulisha. Mimi nilikuwa na matano. Sikutulia.

Huko Igoma, kandokando ya barabara ya Musoma, wakandarasi fulani walikuwa wameweka uwanja wa nguzo za umeme. Walikuja, wakasimamisha nguzo zao, wakaondoka, na jina lao hata sikulijua. Kila nguzo iliyokuwa ndefu kupita kiasi waliikata, na vipande vilirundikana kwenye kona. Mlinzi aliniruhusu nichukue nitakavyo ili uwanja usafike. Vilikuwa vizito, vikavu, vimenyooka, na vina rangi ya kijani iliyofifia. Nilipojaribu kimoja kiliwaka vizuri sana. Nikakodi mkokoteni.

Nilipofika navyo Igogo, wateja walinizunguka. "Huu ni mti gani?" Nikasema ni mti mgumu. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi sikutaka aulize. Wakauita kuni za Igoma. Mke wa balozi, Mama Doto, alikuwa mteja wa kwanza. Alisifu mpaka kisimani: hauna moshi mwingi, makaa yanakaa, huu ndio mti, si takataka za paini. Balozi mwenyewe alinisimamisha njiani akaniambia nimeuokoa mtaa.

Nyangeta alikuja nyumbani kwangu jioni ile. Aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha.

"Umekiona hiki kimelala wapi?"

"Uwanjani, Igoma."

"Chini, kwenye udongo?"

"Chini."

"Tangu lini?"

"Mlinzi anasema tangu mvua za mwaka jana."

"Na mchwa hajakigusa." Akakiweka chini polepole. "Hii ni paini, Minza. Tazama mafundo yake, yamekaa duara kama vidole. Paini ikilala chini wiki mbili mchwa ameimaliza. Hii imelala mvua nzima na mchwa ameipita. Kitu ambacho mchwa amekataa, wewe unawalisha watu?"

Nilimwambia labda wameipaka kitu kidogo. Akaniuliza ni kitu gani. Nikasema sijui. Akasema, "Basi usiuze usichokijua." Nikamjibu jibu baya. Nilimwambia ana wivu.

Alijifunga kanga yake, akaondoka. Na mimi niliendelea kuuza, vijana, huku nikijua ni paini. Hilo la dawa nilikuwa nakisia, lakini la paini nilishajua, maana mafundo niliyaona kwa macho yangu. Nilinyamaza kwa sababu ningesema neno hilo moja wangenikimbia. Fikirini upuuzi huu. Mtaa mzima uliogopa paini safi, ukawa unapikia paini iliyolowekwa sumu, ukinishukuru.

Sasa niwaeleze habari ya majivu, kwa sababu nyie mnanunua magadi dukani. Kwetu majivu hayatupwi. Unatoboa kopo matundu chini, unajaza majivu, unamwagia maji, yanachuja taratibu. Maji yale ndiyo magadi ya kulainishia mlenda na mboga ngumu. Majivu makavu unachanganya na choroko na kunde za mbegu wadudu wasizitoboe. Na yanayobaki yanamwagwa jalalani, ambako mbuzi huja kulamba kwa sababu yana chumvi. Balozi alikuwa na mbuzi watano, anawafuga hapo hapo mjini.

Nyangeta alikuwa ameshafikiria yote hayo, mimi sikufikiria hata moja. Siku moja asubuhi alikwenda jalalani kwa balozi, akachota majivu kidogo, akayatazama, akamwambia Mama Doto, "Wazuieni mbuzi wasilambe haya, mpaka tujue ni majivu ya nini." Mama Doto akaitikia tu.

Kesho yake mbuzi watatu walikuwa wamekufa, wamelala na povu mdomoni.

Bwana mifugo aliitwa. Aliwakagua, akasema hawa wamekula au wamelamba sumu, akauliza majivu yametoka wapi. Wakamwambia ni majivu ya kawaida ya jikoni. Akasema atarudi Jumatatu na mwenzake, akashauri wawazuie wale wawili waliobaki. Lakini Igogo haikungoja Jumatatu. Mama Doto alikuwa ameshasema alimwona Nyangeta jalalani. Hakusema aliambiwa nini, alisema alimwona tu. Mchana watu walikuwa wakisema amemwaga unga wa paini pale kwa wivu wa biashara. Jioni walikuwa hawasemi tena paini, wanasema jambo lingine, na mnajua ni jambo gani husemwa juu ya mjane asiye na mtoto anayetoka kwingine. Ukitaka tukosane, niambie lisemwalo lipo. Nililisikia siku ile, lilisemwa na watu kumi, na halikuwepo.

Kikao kilifanyika Jumamosi kwenye baraza ya balozi. Nyangeta alikaa kwenye benchi peke yake, benchi la watu wanne. Alieleza kwa sauti ya kawaida: nilikwenda kumwonya mama, majivu ya kuni zile siyaamini. Watu wakaguna. Balozi akageuka kwangu.

"Minza, kuni zako za Igoma ni mti gani?"

Nyangeta alinitazama. Hakunikonyeza, hakuniomba. Alinitazama kama siku ile alipokaa mlangoni na kikombe kitupu, anangoja aone nitapika nini.

Nikasema, "Mti mgumu, balozi."

Nyangeta akapewa siku saba aondoke mtaani. Mtu alipiga makofi. Nyangeta alisimama, akakunja kanga yake vizuri, akashuka baraza. Mimi nilirudi nyumbani nikipita nyuma ya nyumba za watu.

Nyumbani nilimkuta Mayu ameinama uani. Alikuwa amejaza kopo lake majivu, anamimina maji, na chini yake sufuria ya mlenda inapokea matone. Alikuwa akiimba. Kwa muda wa majuma kadhaa alikuwa akilalamika tumbo, na mimi nilikuwa nikimwambia ni uzee.

"Mayu, majivu haya ni ya kuni zipi?"

"Si zile zako nzuri, mwanangu. Majivu yake makali, mlenda unaiva upesi. Nimeshawagawia na majirani."

Nililipiga teke lile kopo. Nikamwaga mlenda, nikamwaga maji, nikachukua gunia la kunde za mbegu nikalitoa nje. Mayu alidhani nimepandwa na mashetani. Nilikaa chini uani kwenye matope yale nikalia, na sikuwa nalilia kunde. Nilijiona mwizi. Nilikuwa nimemlisha mama wa marehemu mume wangu sumu kwa kijiko, na nikamfukuzisha mwanamke aliyejaribu kunizuia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kanisani na kitenge changu kipya, na kwenye gunia nilibeba shoka, banzi la paini, na kipande cha nguzo. Nililiacha gunia chini ya ukuta nje. Watu walipotoka ibadani wakisalimiana, nilisimika kile kipande juu ya jiwe nikakipasua. Sauti ya shoka mlango wa kanisa, nani hatageuka? Nilipasua mara mbili. Nje kilikuwa kijani. Ndani, kwenye moyo, ambako dawa haikufika, kilikuwa cheupe kinachoelekea njano, na harufu ya paini ikatoka pale pale. Nikaweka banzi kando yake. Mafundo yale yale, mistari ile ile.

"Hii mnayoiita sumu," nikasema, "na hii mnayoiita mti mgumu, ni mti mmoja. Hii ya kijani imetiwa dawa ya kuua mchwa. Mimi niliiuza nikijua ni paini. Nyangeta aliniambia niache, nikamtukana. Alikwenda kwa Mama Doto kuonya. Mama Doto, uko hapa. Sema alikuambia nini."

Mama Doto aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Aliniambia niwazuie mbuzi."

Kina mama walitawanyika bila hata kumalizia salamu. Mchana ule Igogo ilinuka udongo uliochimbwa. Kila mtu alikuwa akitoa majivu, akitupa kunde, akikwangua jalala. Bwana mifugo alirudi Jumatatu kama alivyoahidi, akaangalia vipande vile, akatuambia tuvifukie chini sana, mbali na ziwa na visima, na tusithubutu kuvichoma. Mayu aliendelea kuumwa kwa muda, kisha tumbo likatulia. Kama ni majivu au ni uzee, hakuna aliyenithibitishia, na mimi sikuhitaji kuthibitishiwa.

Nilikwenda kwa balozi.

"Kosa ni la muuzaji," akasema.

"Ni langu, balozi. Nimekuja kwa ajili ya Nyangeta."

"Nyangeta hajazuiwa kukaa. Zile siku saba tumeziondoa."

"Basi nenda ukamwambie tulimkosea."

Akaangalia mbuzi wake wawili. "Mambo yameisha, Minza. Tusichimbue."

Nilikwenda jiweni. Nyangeta alikuwa akipanga mabanzi kama siku zote. Niliomba msamaha nimepiga magoti, na lile jiwe lilikuwa la moto. Aliniacha hapo kidogo, kisha akasema, "Inuka, utaungua. Wewe nimekusamehe ulipopasua lile gogo." Nikamwambia siku saba zimeondolewa, anaweza kukaa. Akasema, "Walionisema wamenyamaza. Hakuna aliyesema samahani."

Alingoja zile siku saba vilevile. Hakuwa anangoja kufukuzwa, alikuwa anangoja mtu aje. Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango na kuweka kigoda cha mgeni. Wateja walirudi, walinunua paini, walimwita mama, walimtania, walimletea samaki. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno lile dogo, na balozi alipita njia ya chini. Siku ya nane alinikabidhi shoka na kabari, akapanda basi la Musoma na kifurushi kimoja. Kigoda alikiacha nje pale pale.

Mimi nilibaki na jiwe, na biashara, na sifa. Nataka mjue jinsi watu walivyo: balozi alinunua paini kwangu mpaka alipofariki, na mpaka alipofariki alikuwa akiwaambia wageni kwamba paini ni sumu, isipokuwa ya Minza. Paini ya Minza imepoozwa juani, haina madhara. Nilimwambia mara nyingi ni ile ile aliyoikataa kwa Nyangeta, imekaushwa vile vile alivyonifundisha Nyangeta. Alicheka tu, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Minza, pima kuni."

Kwa hiyo, vijana, mkiambiwa kuni hii ina sumu, msiulize watu wanasemaje. Ulizeni imekauka? Imepakwa nini? Ilikuwa nini kabla haijawa kuni? Ikilala chini, mchwa anaila? Na huyo anayewaonya, tazameni yeye mwenyewe jikoni kwake anawasha nini.

Jambo la mwisho ndilo lililonikalisha na daftari hili ninalowasomea. Juzi nilimsikia mtu wa bodaboda, akimwelekeza abiria Igogo, anasema, "Shuka pale Jiwe la Minza." Nilimsimamisha. Nikamwambia hilo jiwe si la Minza. Akasema, "Bibi, watu wote wanaita hivyo."

Nililia njiani kama mtoto. Mtu huyo hatakuwa wa mwisho, na mimi siwezi kusimama pale barabarani kila siku. Ninyi mna miguu na mna midomo. Mkisikia mtu anasema Jiwe la Minza, msimamisheni, mumwambie ni Jiwe la Nyangeta, na mumwambie na sababu.